Ndoo ya Muuguzi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza leo, na mtaro wa mbele ya ofisi umefurika kabla ya saa nne. Mkurugenzi wa jiji alituita, akatuambia bila kupepesa macho kwamba jiji limeishiwa. Ama tupunguze huduma moja, ama tupandishe ushuru wa maegesho ya magari katikati ya mji. "Na safari hii wananchi ndio wataamua," akasema, "ili wasije wakatulaumu sisi." Wote wakanigeukia, kwa sababu mtu wa wananchi pale ni mimi.

Basi ndoo zangu zinarudi. Mwaka jana, jiji lilipokuwa bado na vijisenti, nilibuni utaratibu ambao hata gazeti liliuandika. Kila mkazi anapewa vifuniko vitatu vya soda, anavitia kwenye ndoo ya mradi anaoupenda. Hakuna hotuba wala kunyoosha mikono, na asiyejua kusoma anaangalia picha iliyobandikwa kwenye ndoo. Walichagua bomba la maji la sokoni, wakalipata. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Bwana Ndoo, na humu sina sababu ya kudanganya: jina hilo nalipenda.

Mwaka huu ni ndoo tano. Nne ni za huduma: maktaba, taa za barabarani, gari la taka, na muuguzi anayezunguka majumbani kwa wagonjwa wasioweza kuinuka. Kifuniko kikiingia humo, maana yake huduma hiyo ikatwe. Ndoo ya tano ni ya ushuru wa maegesho. Kifuniko kikiingia humo, maana yake huduma zote hizo ziachwe, wenye magari ndio walipe. Nimeyaandika haya kwenye karatasi kubwa kwa wino mwekundu. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Jumatano, 5 Machi

Muuguzi huyo anakuja kwetu pia. Mama mkwe wangu ana mwaka wa pili kitandani, na nyonga yake ya kushoto ina kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia. Sista, kama mtaa mzima unavyomwita, anakuja kila Jumanne na Ijumaa, anakisafisha, anakifunga, anamgeuza mama na kusikiliza matusi yake. Mimi huwa nimeshatoka kwenda kazini. Harufu ile siiwezi, na mama mkwe siku zote hunisindikiza na neno. Leo kanambia, "Mkwe, hiyo tai umevaa, au imekuvaa?"

Nilimwomba Mkurugenzi tuitoe ndoo ya muuguzi. "Ukitoa ya kwako, kila mtu atatoa ya kwake," alinijibu. Sikubishana. Nani atamkata Sista?

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kwanza, ukumbi wa soko. Mvua ilipiga bati mpaka kipaza sauti kikawa pambo. Nilisoma maelekezo kwa sauti yangu yote na hata waliokaa mstari wa mbele walikuwa wananitazama mdomo tu. Karatasi yangu niliibandika mlangoni, watu wakaingia wakikimbia mvua na kuiegemea kwa migongo iliyolowa, wino ukachuruzika wote.

Nikahesabu mara mbili. Ndoo ya muuguzi ilijaa hadi nusu. Maktaba vifuniko vichache, taa vichache zaidi. Ushuru wa maegesho ulipata saba.

Watu hawa ni wanyama. Sina neno jingine. Mama yule muuza mboga ambaye Sista alimhangaikia mumewe miezi mitano, nilimwona kwa macho yangu akitia vyote vitatu humo, tena kwa kutabasamu. Wamepona wao, sasa wengine wafe. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia mke wangu kazi imekwenda vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sista kaja akiwa amelowa chapachapa. Mama mkwe kamwambia ananuka kondoo.

Alhamisi, 13 Machi

Stoo inavuja. Nimezihamishia ndoo ofisini kwangu.

Jumamosi, 15 Machi

Ninaandika haya kwenye benchi la nyuma la ukumbi, watu wameshaondoka.

Mkutano wa pili ulianza kama wa kwanza, bati likinguruma, mimi nikipiga kelele bure. Nikasimama kando ya ndoo ya muuguzi, kwa hasira tu, nione nyuso za wauaji. Akaja bibi mmoja mwenye mkongojo. Akatia kifuniko cha kwanza. "Hiki cha Sista." Akatia cha pili. "Na hiki cha Sista." Cha tatu akakibusu kwanza. "Alimwosha mzee wangu mpaka siku ya mwisho. Mwacheni aendelee."

Nilipigwa na butwaa. Nikawatazama waliofuata, mmoja mmoja, na wote walikuwa na uso ule ule wa mtu anayetoa zawadi. Hapo ndipo nilipoelewa. Ndoo ni zile zile za mwaka jana, vifuniko ni vile vile, na mtu wa ndoo ni yule yule. Mwaka jana niliwafundisha kutia kwenye wanachokipenda, wakatia, wakapata bomba. Mwaka huu wanafanya nilivyowafundisha. Wanampigia Sista kura kwa upendo wote walio nao, na kila kifuniko kinamkata. Ndiyo maana ndoo ya ushuru ni karibu tupu. Nani anapenda ushuru?

Wiki nzima nimewaita wanyama.

Ningeweza kupanda juu ya meza pale pale. Nilifikiria. Lakini Mkurugenzi alikuwa amekaa na wageni wawili wa jiji jingine waliokuja kuutazama utaratibu wangu ili wauige, na mmoja wao alikuwa anaandika kwa kasi. Nikasema moyoni, Jumatatu nitalimaliza ofisini kwa utulivu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia. Nimesema yote, hata la bibi kubusu kifuniko. Mkurugenzi alikuwa anakata kucha. Alimaliza mkono mmoja ndipo akanijibu.

"Maelekezo yaliandikwa?"

"Yaliandikwa. Yalilowa."

"Yalisomwa?"

"Yalisomwa. Hayakusikika."

"Yaliandikwa na yalisomwa," akasema. "Sasa wewe ukitangaza kuna hitilafu, mikutano yote ni bure na hatuna bajeti kabla ya baraza. Baraza litauliza nani alibuni ndoo. Unajua orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa ninayo mezani? Wewe bado kaimu. Nilitaka nikuthibitishe mwezi wa nne. Nenda kafikirie, baba."

Akaendelea na mkono wa pili. Nilitoka nikiwa nimeshafikiria. Nina miaka hamsini na miwili, na ufundi wangu ni kupanga ndoo.

Jumanne, 18 Machi

Sista alichelewa, barabara ya bondeni imekatika, na mimi nilichelewa zaidi kutoka. Nilimkuta mlangoni nikitoka. "Nasikia ndoo yangu inaongoza, kaka," akaniambia, na machozi yalimlengalenga. "Sikujua kama watu wananipenda hivi." Nikamwambia anastahili.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Sikula mchana.

Jumatano, 26 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani na kibanda chake ni redio ya mtaa. Leo kaniandalia chakula akiwa na furaha ambayo sijaiona tangu mama yake aanguke. "Jumamosi tunakuja wote," akasema. "Nimepita kila nyumba yenye mgonjwa. Wengine nimewashonea bure ili waje. Tunaijaza ile ndoo ya Sista mpaka imwagike, waone aibu hata kufikiria kumgusa."

Nilikuwa na tonge mkononi. Ni hapa, mezani kwangu, ambapo ningeweza kusema, na hakukuwa na Mkurugenzi wala wageni. Lakini namjua mke wangu. Angeinuka pale pale bila kunawa, na kufika jioni mji mzima ungejua. Nikajihesabia kama karani: kwa mikutano miwili ya mwanzo muuguzi ameshakatwa, vifuniko vyake havitaongeza wala kupunguza kitu. Kitakachoongezeka ni mimi kufukuzwa.

"Vizuri," nikamwambia.

"Vizuri tu?" Akacheka. "Mwenzangu, wewe hata ukishinda bahati nasibu utasema vizuri."

Jumamosi, 29 Machi

Leo mvua ilikata saa saba na jua likatoka. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia mtu akikohoa nyuma kabisa. Kipaza sauti kilifanya kazi. Mungu ananitania.

Mkurugenzi akanisogelea na kuniambia sikioni, "Maelekezo safari hii soma yale mafupi." Mafupi ni kwamba kila mtu ana vifuniko vitatu, asisukume wenzake, avitie kwenye ndoo. Nikayasoma hayo. Sauti yangu ilitoka vizuri, nene, mpaka nje. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu kila mtu alidhani anajua.

Mke wangu aliingia na watu kama sitini nyuma yake. Alivaa gauni la buluu aliloshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Wengine aliwashika mikono, mwingine wakamleta kwenye toroli la mizigo, miguu imefunikwa mfuko wa nailoni. Wakapanga foleni moja tu, mbele ya ndoo moja tu. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake. Mkurugenzi alinipanga pale mwenyewe.

Mzee mmoja fundi saa, ambaye mkewe hajainuka miaka minne, alitia vifuniko vyake taratibu kama anayerudisha skrubu mahali pake. Akanitazama. "Sista anastahili," akasema. Nikamwambia, "Asante, mzee." Ndiyo, nilisema asante. Sijui ilitoka wapi. Labda nilizoea kuitikia.

Kisha akaja mke wangu, nami nikarudi nyuma ya nguzo kabla hajaniona. Alitia kimoja kimoja, akinitafuta kwa macho ukumbini, akitabasamu lile tabasamu lake la kunitania. Cha tatu alipokitia akanong'ona, "Hiki cha mama." Nikainamisha kichwa kama mtu anayehesabu. Baadaye ndoo ilijaa ikaanza kumwaga, watu wakapiga makofi na vigelegele, na mke wangu akapiga magoti kuokota vilivyodondoka na kuvirudisha ndani, isipotee hata moja ya kura zao.

Nilimwacha aokote. Ninaandika ili nisije siku moja nikajidai nilikuwa naangalia pembeni.

Jumatatu, 31 Machi

Nimehesabu. Nimesaini.

Jumatatu, 14 Aprili

Tangazo limebandikwa: "Baada ya ushirikishwaji mpana, wakazi wenyewe wamechagua kusitishwa kwa huduma ya muuguzi wa majumbani. Kila kifuniko kilihesabiwa kuwa kura ya kuikata huduma husika." Ushuru wa maegesho haujaguswa. Chini yake kuna orodha ya waliothibitishwa kazini, nami nimo.

Mke wangu alilisoma akitoka kununua uzi. Alikuja moja kwa moja ofisini, mahali ambapo hakuwahi kufika kabla. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaniuliza polepole kama mtu anayejifunza kusoma: "Kuikata? Yaani nilipotia... nilimkata?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na wale wote niliowaleta?"

Nikafunga droo.

"Ulijua?"

Ukuta ulikuwa unavuja nyuma yake, matone yanaangukia faili. Nikamwambia mimi nilijua utaratibu, ila nilidhani na wao wanaujua. Nikamwambia palikuwa na watu wengi, sikuona nani anatia wapi. Nikasema mpaka la gauni la buluu, kwamba sikumwona hata alipopita. Alinisikiliza, kisha akanishika mkono. "Pole," akaniambia. "Lazima na wewe limekuuma."

Alhamisi, 17 Aprili

Sista kaaga nyumba kwa nyumba, akimfunga kila mgonjwa mara ya mwisho. Nilijificha sokoni.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya kidonda, na wa kukifunga hakuna. Mke wangu alijaribu akatapika. Nikakunja mikono ya shati. Nilidhani nitazimia, sikuzimia. Nilikisafisha, nikakifunga. Mama mkwe hakutoa hata mguno, alitafuna kona ya shuka tu. Miaka yote namwita mdomo mchafu, kumbe mdomo huo ndio aliokuwa anautumia asipige kelele.

Nilipomaliza akamtuma binti yake dukani. Mlango ulipofungwa akaniambia, "Mkwe, kaa."

Nikakaa.

"Mtaa mzima unampenda yule msichana. Halafu mtaa mzima umemkata. Mimi mgonjwa wa nyonga, si wa kichwa." Akapumzika kidogo. "Wewe ulisimama wapi siku hiyo?"

Sikuweza kumdanganya mtu niliyetoka kumwona mfupa. Nikamwambia: kando ya ndoo.

"Na ukamwona mwanangu."

"Nilimwona, mama."

Nilingoja anitemee mate. Alifikiri, macho kwenye dari. "Usimwambie," akasema. "Atakuacha leo leo, na mimi nani atanigeuza? Kuanzia sasa utakuja asubuhi na jioni. Hiyo tai vua, inaniingia machoni."

Jumanne, 29 Aprili

Asubuhi nimemgeuza, jioni nimemgeuza. Mvua haikatiki, bendeji hazikauki. Anataka maji, si hayo, ya mtungini. Anataka mto, si huo. Mke wangu anasema, "Mama amekupenda uzeeni." Mama mkwe kajibu kwamba mapenzi hayo mimi nayajua.

Ijumaa, 2 Mei

Kidonda kimebadilika rangi. Sista angejua la kufanya. Nilimpigia, yuko mji mwingine, kapata kazi kwenye duka la dawa. Alinielekeza kwenye simu kwa upole, akaniuliza kama nimeshakizoea cheo kipya. Nikamwambia bado.

Jumanne, 6 Mei

Homa. Hospitali wametupokea, tumelala kwenye benchi. Daktari kauliza kwa nini ameachwa mpaka akafika hivi. Mke wangu akajibu kabla yangu: "Ni mimi, daktari."

Ijumaa, 9 Mei

Amefariki saa tano asubuhi. Nilikuwa mimi peke yangu, mke wangu alikuwa kwenye foleni ya dawa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Nigeuze." Nikamgeuza. Nilimpenda, na nilimpenda kwa siku kumi na saba, na kabla ya hapo ningeweza kumpa miaka.

Jumatatu, 12 Mei

Tumezika. Mkurugenzi alituma shada la maua la idara.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inakaribia kuisha. Mke wangu hashoni. Ana daftari la wateja, amegeuza nyuma yake na kuandika nyumba zote alizozipita kuwaomba waje mkutanoni. Wagonjwa wawili wengine wameshakufa. Anasema Jumapili atakwenda kila nyumba kuomba msamaha, kwa sababu yeye ndiye aliyewaswaga. Nilimwambia hana kosa. Aliniambia nisimbembeleze kama mtoto.

Jumapili, 25 Mei

Nilikwenda naye, nikimshikia mwavuli.

Nyumba ya kwanza walilia naye. Ya pili hawakutufungulia. Ya tatu mwanamke mmoja alimwambia maneno mazito ambayo sitayaandika, mke wangu akayapokea yote amesimama, akasema "umesema kweli, dada," tukatoka. Nilifungua mdomo mara mbili humo ndani. Mara zote mbili nilikohoa.

Ya nne ni kwa fundi saa. Kitanda cha mkewe kimeshaondolewa, pamebaki alama nne za miguu kwenye sakafu. Alitukaribisha chai. Mke wangu alipiga magoti, mzee akamwinua kwa viwiko.

"Wewe hukujua, mama," akamwambia. "Hata mimi nilitia vitatu. Palikuwa na mtu amesimama kando ya ndoo, mtu wa jiji. Nikamwambia Sista anastahili. Akaniambia asante."

Mke wangu akakaa wima. "Alijua?"

"Alikuwa anaitazama ndoo ikijaa. Alijua."

"Ni nani huyo, mzee? Nitajie tu."

Mzee akanitazama mimi. Macho yale yamezoea vitu vidogo, hayakuwa na haraka. Nilikiinamia kikombe. Nilisikia mke wangu akisema kwa ajili yangu, wala sikumwomba, "Mume wangu alikuwepo, lakini alikuwa na kazi ya kuhesabu. Angemwona mtu kama huyo angeniambia."

Mzee alinyanyua birika. "Sura siikumbuki," akasema mwishowe. "Uzee." Kisha akanimiminia chai nyingine, ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye kisahani na juu ya vidole vyangu, naye hakuacha kumimina mpaka alipotosheka.

Nje njia ilikuwa na tope. Mke wangu alinipangusa vidole kwa kanga yake, akavipuliza. "Nikimjua mtu huyo," akasema, "sitamsamehe, hata nikimkuta anakufa." Nikamwambia yuko sahihi. Akafungua daftari, akafuta nyumba ya nne kwa mstari, akaniambia twende, bado kumi na moja.